Usikoleze Nebula Kabla Hujasafisha Anga

Picha nyingi za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota, zinazopigwa Nairobi na viunga vyake hazina uhaba wa rangi. Rangi imejaa, tena imejaa pasipofaa: kona ya chini ina doa la zambarau, nyota zote ni nyeupe pe, na nebula ya Orion imekuwa nyekundu moja tu kuanzia kiini hadi ukingoni. Aliyeichakata picha hiyo hakufanya uvivu. Mara nyingi amefuata hatua kwa hatua video ya mtu anayepiga picha jangwani Arizona, ambako kusafisha mandharinyuma ni kazi ya dakika mbili kabla ya kuingia kwenye utamu wa kukoleza rangi na kunoa nyuzi za gesi. Hapa kwetu mandharinyuma ndiyo kazi. Anayeiruka atailipia katika kila hatua inayofuata, kwa sababu kitelezi cha kukoleza hakijui kutofautisha hidrojeni ya Orion na taa za Mombasa Road. Hukoleza vyote.

Tuanze na rangi yenyewe, maana hapo ndipo ubishi mwingi huzuka. Nebula ya gesi haitoi rangi zote kama jua. Hutoa mistari michache ya mwanga: hidrojeni-alfa kwenye nanomita 656.3, hidrojeni-beta kwenye 486.1, oksijeni iliyopoteza elektroni mbili kwenye 495.9 na 500.7, na salfa iliyopoteza elektroni moja kwenye 671.6 na 673.1. Kila mstari una masharti yake. Hidrojeni hupoteza elektroni yake kwa elektroni-volti 13.6, lakini oksijeni hudai 35.1 ili itoe elektroni ya pili, na nishati hiyo hutoka kwa nyota za moto mkali tu. Ndiyo sababu katika nebula ya Rosette mwanga wa oksijeni umejikusanya katikati, karibu na nyota za kundi la NGC 2244, huku hidrojeni na salfa zikitawala pembezoni. Kuna pia buluu isiyotokana na gesi kabisa: vumbi linaloakisi mwanga wa nyota jirani, kama lile la nebula ya M78 au la nusu ya juu ya nebula ya Trifid.

Kutokana na hayo napata kipimo kimoja ninachokitumia kuhukumu picha ya mtu yeyote. Kila tofauti ya rangi inayoonekana iwe imetokana na tofauti ya gesi au vumbi kule juu. Swali la kama jicho lingeiona rangi hiyo halina uzito mkubwa, kwa kuwa jicho usiku halioni rangi hafifu hata ukitumia darubini kubwa. Swali zito ni kama rangi inasema kweli kuhusu kilichopo.

Sasa anga. Anga hupimwa kwa magnitudi, ambazo namba yake ikipanda mwanga hupungua, kwa kila sekunde-tao (sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja) ya mraba. Chukua anga la jiji lenye ung'avu wa magnitudi 18, ulilinganishe na la magnitudi 21 nje ya mji. Tofauti ya magnitudi 3 ni mwanga mara 16. Kwa kitu hafifu kilichotanda kama nebula, muda unaohitajika kufikia usafi uleule wa picha hupanda kwa kiwango kilekile: saa 1 kule ni saa 16 hapa. Hakuna programu inayofuta hesabu hiyo. Mafuta ya gari kwenda Olorgesailie au Magadi ni uwekezaji bora kuliko leseni ya programu yoyote ya kunoa, na hilo nalisema nikijua kwamba si kila mtu ana gari wala ruhusa ya kulala nje. Anayebaki mjini ana njia moja ya maana, nayo ni filta ya mikanda miwili inayopitisha nanomita 7 hivi kuzunguka hidrojeni-alfa na oksijeni. Filta pana za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya taa za sodiamu, ambazo mwanga wake umekusanyika karibu na 589. LED nyeupe zilizojaa barabarani humwaga mwanga kuanzia kilele cha buluu karibu na 450 hadi kwenye nyekundu, na filta hizo haziwezi kuuzuia bila kuzuia na nebula yenyewe.

Mwanga huo wa jiji haukai sawasawa kwenye picha, na hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili yanayofanana kwa macho. Kona za picha zikiwa na giza kwa sababu ya lenzi, mwanga wote umepungua kwa sehemu fulani, wa nebula pamoja na wa anga. Dawa yake ni kugawanya, na kinachotumika kugawanya ni picha za mwanga sawia: picha 20 hadi 30 za skrini nyeupe ya tableti au za anga la alfajiri kupitia fulana nyeupe, bila kugusa fokasi wala kuzungusha kamera, histogramu, yaani grafu ya ung'avu wa pikseli, ikikaa katikati. Mwanga wa jiji wenyewe umeongezwa juu ya nebula. Dawa yake ni kutoa. Ukiruka picha za mwanga sawia halafu ukaiachia programu itoe giza la kona kana kwamba ni mwanga wa jiji, mandharinyuma itaonekana imenyooka, lakini nebula iliyo pembeni itabaki imefifia na mara nyingi imebadilika rangi, kwa kuwa chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, hazikupungukiwa kwa kiasi kimoja. Hakuna hatua ya baadaye itakayolirekebisha hilo. Vilevile kwa vumbi la Kajiado lililotua kwenye kihisi: doa lake hugawanywa, halitolewi.

Hatua ya kutoa inastahili subira kuliko zote. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C huona takriban nyuzi 6.4 kwa 4.3, eneo linaloweza kubeba M42, yaani nebula ya Orion, upande mmoja na nebula za Horsehead na Flame upande wa pili. Katikati yake hakuna anga tupu hata kidogo. Pote pana vumbi na hidrojeni hafifu. Ukibonyeza kitufe cha kuweka kiotomatiki nukta za sampuli, ambapo anga tupu hupimwa, kwenye Siril, programu ya kuchakata picha za anga, nyingi zitaangukia juu ya vumbi hilo, na programu italihesabu kama uchafu wa jiji na kulikata. Zifute. Weka nukta 10 hadi 15 kwa mkono, mahali penye giza zaidi katika kila pande, na uchague polinomia, yaani mkunjo wa kihesabu unaoiga mwanga wa jiji, ya daraja la 1 au la 2. Daraja la 4 ni kishawishi, kwa sababu linanyoosha kila kitu, pamoja na ulichokuja kukipiga.

Kuna ukaguzi mmoja ambao wengi hawaufanyi ingawa hauchukui hata dakika. Hifadhi picha ya kile kilichotolewa. GraXpert hukuruhusu kuhifadhi modeli ya mandharinyuma, na kwa programu nyingine unaweza kutoa faili ya baada kutoka kwa faili ya kabla. Ifungue, ipandishe mwanga kwa nguvu, uitazame. Inapaswa kuwa laini na isiyo na sura, iking'aa zaidi upande wa jiji: kaskazini-mashariki kwa aliyepiga kutoka Rongai, kaskazini-magharibi kwa wa Kitengela. Ukiona humo kivuli cha nebula, hata kama ni cha kukisia, umekula nebula. Rudi uondoe nukta iliyo karibu na kivuli hicho.

Jambo lingine la hapa. Orion hupita karibu kabisa na utosi wetu, takriban nyuzi 86 juu ya upeo, ikitoka mashariki kwenda magharibi kwa saa nyingi, na mwelekeo wa mwanga wa jiji kwenye fremu hubadilika usiku unavyosonga. Ukirundika, yaani ukiunganisha kuwa picha moja, picha 120 za sekunde 60 kabla ya kuzisafisha, unapata mchanganyiko wa miteremko mingi ya mwanga ambao polinomia nyepesi haiwezi kuufuata. Siril inaweza kutoa mteremko wa daraja la 1 kwenye kila picha moja moja kabla ya kurundika. Hutumia diski na muda, lakini mrundiko unaotoka huhitaji marekebisho madogo tu.

Ikiwa mandharinyuma imekaa sawa, kusawazisha rangi ni rahisi, mradi ufanye wakati picha bado haijapandishwa mwanga. Programu hutambua nyota zilizomo, hulinganisha rangi zake na orodha ya nyota kama ya chombo cha angani cha Gaia, kisha hurekebisha chaneli. Kijani kilichotapakaa picha nzima huondoka hapohapo, kwa kuwa kimetokana na kihisi kinachohisi kijani kwa nguvu kuliko nyekundu na buluu. Wanaokimbilia kitufe cha kuondoa kijani kabla ya kusawazisha hutibu dalili tu. Na kitufe hicho kina sumu yake: kiini cha M42 kina rangi ya kijani-buluu ya kweli, ya oksijeni na hidrojeni-beta, na ukikitumia kwa nguvu zote kiini hicho kinageuka kijivu. Kitumie kwa nusu, kwenye mandharinyuma pekee, au usikitumie kabisa.

Picha iliyopigwa kwa filta ya mikanda miwili haisawazishwi kwa njia hiyo ya kawaida, kwa kuwa nyota zake hazina tena rangi za kulinganishwa. Hapo tenganisha: hidrojeni kutoka chaneli nyekundu, oksijeni kutoka kijani na buluu kwa pamoja, na Siril ina skripti ya kazi hiyo. Linganisha viwango vya chaneli hizo mbili, weka hidrojeni kwenye nyekundu na oksijeni kwenye kijani na buluu, kisha urudishe nyota kutoka seti fupi iliyopigwa bila filta. Hata dakika 20 za nyota zinatosha.

Kuhusu wekundu, watu wanahofia waridi bila sababu. Pasipo vumbi la kuchuja mwanga njiani, hidrojeni-alfa ina nguvu mara 2.9 hivi ya hidrojeni-beta, na hiyo beta ni buluu. Mchanganyiko wao ni waridi. Kamera ya kawaida, ambayo filta yake ya kiwandani hupunguza sana mwanga wa 656, huongeza uwaridi huo. Kamera iliyofunguliwa na fundi ikaondolewa filta hiyo huurudisha kwenye nyekundu. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Picha isiyo sahihi ni ile ambayo Trifid imepoteza buluu yake. Nebula hiyo ina gesi nyekundu na vumbi la buluu bega kwa bega, na hakuna kitu angani kinachofichua kosa la usawazishaji haraka kama hicho. Kwa bahati mbaya, Trifid huwa juu usiku wa Juni hadi Agosti, miezi ambayo mawingu ya baridi hulifunika jiji wiki nzima, kwa hiyo wengi wetu hujifunzia kwenye Orion, ambayo husamehe makosa mengi mno.

Nebula ya Carina ina tatizo lake. Kutoka Nairobi haipandi zaidi ya nyuzi 32 hivi upande wa kusini, na mwanga wake hupita kwenye hewa karibu mara mbili ya ile iliyo juu ya utosi. Wekundu wa jumla unaoletwa na hewa hiyo huondolewa na usawazishaji. Kisichoondolewa ni nyota kuwa na ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili, kwa sababu hewa imepinda buluu zaidi. Tenganisha chaneli tatu, pangilia nyekundu na buluu juu ya kijani kila moja peke yake, kisha ziunganishe upya. Kwa lenzi fupi hutaiona tofauti. Kwa darubini ya milimita 600 kwenda juu utashangaa.

Kupandisha mwanga ndiko kunakoua rangi ya nyota. Mkunjo wa kawaida wa histogramu huinua vilivyo hafifu na kuvibana vilivyo ving'avu, na chaneli tatu za nyota hugongana zote kwenye dari. Uwiano ukipotea, rangi imepotea, na kukoleza baadaye hakurudishi uwiano. Anza na mpandisho wa asinh, ambao hulinda uwiano wa chaneli, kisha malizia kwa mpandisho wa hiperboliki mara tatu au nne kwa hatua ndogo. Nukta nyeusi, yaani kiwango kinachohesabiwa kuwa weusi kamili, usiiguse hadi mwisho. Mandharinyuma iishie karibu na 0.10 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, yaani 25 hivi kati ya 255. Weusi wa tii hupendeza kwenye skrini ya simu, lakini humeza vumbi lote ambalo umelipigania kwenye hatua ya nukta. Kwa M42, ambayo kiini chake huungua kwenye picha ya sekunde 60, piga pia seti za sekunde 10 na 2, uziunganishe kwa barakoa, yaani ramani ya sehemu zinazoguswa, iliyolainishwa kingo. Kiini kilichogonga dari ya biti 14, yaani 16,383, hakina habari yoyote ndani, na zana ya kurudisha vilivyoungua itakupa kijivu bapa.

Maelezo madogo yana hesabu ambayo ningependa kila mtu aifanye kabla ya kununua programu ya kunoa. Zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikromita na 206.265, ugawanye kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Pikseli ya 4.3 kwenye lenzi ya 200 ni sekunde-tao 4.4 kwa pikseli. Hewa ikiwa imetulia kiasi, nyota hupanuka kwa sekunde-tao 2 hadi 3 tu. Yaani nyota nzima inatoshea ndani ya pikseli moja, na dekonvolusheni, yaani hesabu ya kunoa kilichopanuka, haina ukungu wa kuondoa. Ukiilazimisha hunoa chenga, yaani punje za kelele za kamera, na kuzungushia nyota pete nyeusi. Kwa kamera ileile kwenye darubini ya 600, kila pikseli ni sekunde-tao 1.5. Hapo kuna kazi ya kufanya, kwa marudio 10 hadi 20 na si zaidi, kabla ya kupandisha mwanga.

Mwenye lenzi fupi ana mbinu nyingine: kusogeza fremu pikseli kadhaa kila baada ya picha mbili au tatu wakati wa kupiga. Huvunja ile michirizi ya chenga inayotokana na ufuatiliaji usio kamili, na ufuatiliaji wetu kwa kawaida si kamili. Ncha ya kusini ya anga, ambako stendi hulengwa ili ifuate nyota, iko nyuzi 1.3 tu juu ya upeo, haionekani kwa vumbi na majengo, na stendi nyingi zinazouzwa hazikuundwa kulazwa chini kiasi hicho. Uzani wa kusawazisha kamera hugonga mguu wa stendi.

Kwa kunoa, gawa picha kwa tabaka za ukubwa. Tabaka za pikseli 1 na 2 ni za chenga. Ziache au zilainishe. Nyuzi za gesi hukaa kwenye pikseli 4 hadi 16, na hizo ndizo za kuinua, kwa barakoa inayogusa sehemu ng'avu peke yake. Chenga za rangi zishughulikie kando: tenganisha ung'avu na rangi, lainisha rangi kwa pikseli tatu au nne, ung'avu uuache ulivyo. Jicho halilalamiki rangi ikiwa laini mradi ung'avu ni mkali. Chenga kidogo kwenye ung'avu si aibu, na ni afadhali mara mia kuliko ule ulaini wa plastiki unaoletwa na zana za akili bandia zikisukumwa hadi mwisho.

Zana hizo sizipingi. StarNet ni ya bure na inatenganisha nyota na nebula vizuri ajabu, ukaweza kukoleza gesi bila kuvimbisha nyota. Ila baada ya kuiendesha, fungua faili ya nyota peke yake na uikague kwa asilimia 100. Ukiona humo vifundo vya gesi kutoka kiini cha M42, programu imevidhania kuwa nyota, na nebula yako ina mashimo iliyoyaziba kwa kubuni. Data ya saa moja chini ya taa za LED ikipewa zana ya kunoa itatoa nyuzi nzuri sana zisizokuwepo angani. Zilinganishe na picha ya Hubble ya eneo hilohilo.

Mchele mmoja mapishi mengi, na mpangilio wa Hubble uliotumika kwenye picha ya mwaka 1995 ya nebula ya Eagle, wa salfa kwenye nyekundu, hidrojeni kwenye kijani na oksijeni kwenye buluu, ni pishi halali. Salfa na hidrojeni zote ni nyekundu, zikipishana kwa nanomita 15 hivi, na hakuna njia nyingine ya kuzitenganisha kwa macho. Ninachokikataa ni ule udhahabu unaotengenezwa kwa data ya mikanda miwili, salfa ikiwa haikupigwa hata kidogo. Mtazamaji anayejua mpangilio huo ataisoma dhahabu hiyo kama salfa iliyochanganyika na hidrojeni. Andika chini ya picha ni filta zipi, saa ngapi na mahali gani, na tatizo hilo litajifichua lenyewe.

Mwisho ni kutoa faili. Badilisha iwe sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida, kabla ya JPEG, na uitazame kwenye simu ambayo skrini yake haiko kwenye hali ya rangi kali, kwani hali hiyo hukoleza juu ya ulichokoleza. WhatsApp huibana picha na kuacha ngazi ngazi kwenye mandharinyuma laini; itume kama hati. Na ukitaka kuichapa, kumbuka karatasi haina mwanga wake. Inua toni za kati kidogo, chapa kwanza kipande cha A5 cha kona yenye giza kuliko zote, ukakitazame nje mchana ukiwa mlangoni mwa duka, kabla hujalipia kipande kikubwa.